RELI NDOGO JUU YA MEZA
Somo la kazi ya mikono kwa siku za Jumamosi

Reli haijafika Jilore, wala haijafika Malindi. Mtu wa huku akitaka kuliona gari la moshi hana budi kusafiri kwanza mpaka pande za Mombasa. Lakini kukosa reli si sababu ya kukosa elimu ya reli. Vijana wetu tangu zamani hutengeneza magari ya waya, wakayasukuma njiani kwa fimbo ndefu, na magari hayo yana usukani unaogeuka na magurudumu yanayozunguka sawasawa. Mikono iliyoweza kazi hiyo yaweza pia kujenga reli ndogo, pamoja na vilima vyake, daraja lake, miti yake na nyumba zake, juu ya ubao mmoja uwezao kukaa mezani.

Kazi hii ni mapumziko yanayopendwa sana katika nchi nyingi. Katika Ujerumani kampuni ya Märklin ilionyesha magari ya moshi ya kuchezea yenye reli za vipimo maalumu katika maonyesho ya Leipzig, mwaka 1891. Katika Uingereza Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza yake mwaka 1920. Leo wako watu wazima, madaktari, waashi na makarani, ambao kila Jumamosi huketi mbele ya reli zao ndogo wakipanda miti ya urefu wa kidole. Vitu vya dukani ni ghali. Somo hili halihitaji duka. Lahitaji waya, vipande vya mbao, magazeti ya zamani, unga wa muhogo, udongo na subira.

Tena somo hili lina faida kupita mchezo. Watu wengi hudhani kwamba reli ni vyuma viwili na injini. Sivyo. Reli ni mapatano kati ya vyuma, ardhi, maji, na watu walioitangulia kukaa pale. Ajengaye mfano kwa uangalifu atalazimika kuyafikiri yote manne, na mwisho wa kazi ataijua nchi yake kuliko alivyoijua mwanzo.

KIPIMO

Jambo la kwanza ni kuchagua kipimo, maana pasipo kipimo kimoja mtu atakuwa mkubwa kuliko nyumba yake. Sisi tutatumia kipimo cha 1 kwa 50: kila kitu katika mfano kitakuwa sehemu moja ya hamsini ya kitu chenyewe. Basi mita 1 ya kweli ni milimita 20 katika mfano.

Kipimo hiki kinatufaa kwa sababu nyingine. Reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo upana wa reli yetu ndogo utakuwa milimita 20 kamili. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni pana zaidi, milimita 1,435. Katika mfano ingekuwa karibu milimita 29.

Mtu wa kimo cha mita 1 na sentimita 70 atakuwa milimita 34. Mnazi wa mita 15 utakuwa milimita 300. Injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester na kuletwa Afrika ya Mashariki miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Mfano wake ungekuwa wa sentimita 63. Moja ya injini hizo, iitwayo Mount Gelai, yaonekana hata leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mwanafunzi aanze na behewa dogo kwanza.

Ubao wa mita 2 kwa mita 1 utachukua nchi ya mita 100 kwa 50 tu. Basi usijaribu kuijenga Jilore yote. Chagua mahali pamoja pa kweli: bonde ambalo kijito hulipita kuelekea Sabaki, mwinuko wa udongo mwekundu upande mmoja, mashamba upande wa pili. Nenda pale na kamba yenye mafundo ya mita moja moja, upime, uandike.

JUMAMOSI YA KWANZA: MCHANGA UANI

Usiguse ubao bado. Kazi ya kwanza hufanywa uani, kwa udongo na maji.

Fanyiza bonde dogo kwa udongo, lenye mteremko mdogo upande mmoja. Likate bonde hilo kwa tuta la kimo cha milimita 60, yaani tuta la mita 3, na juu yake ndipo reli ingepita. Upande wa juu wa tuta, mahali maji yanapotoka, chomeka njiti kumi kando ya kijito. Hizo ni mashina ya mahindi.

Sasa mwaga maji polepole kwa kata, kutoka juu ya bonde. Maji yatafika kwenye tuta na kusimama. Kisha yatapanda, yataenea kando, na njiti zitaanza kuzama mojamoja. Ukiendelea kumwaga, maji yatapita juu ya tuta, na mara yanapopata upenyo mdogo yatalikata tuta lote. Hesabu njiti zilizozama.

Jenga tuta tena. Safari hii laza chini yake kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kina uwazi ndani kama bomba. Hilo ndilo kalvati. Mwaga maji yale yale, kwa kata ile ile, uhesabu njiti. Kisha weka vikonyo viwili, halafu vitatu. Mwisho, weka kikonyo kimoja lakini ukiinue, kisilale chini ya mkondo. Utaona maji yakibaki nyuma ya tuta hata baada ya mvua yako kwisha.

Hapo umejifunza jambo ambalo wahandisi hulipa fedha nyingi kulijua. Tuta lisilo na njia ya maji ya kutosha ni boma la kuzuia maji, na maji hayo huingia katika shamba la mtu. Haidhuru tuta ni la reli au la barabara. Ndiyo sababu reli mpya katika nchi ya Tsavo hupita mahali pengi juu ya madaraja na matundu makubwa: maji yapite, na wanyama wapite.

JUMAMOSI YA PILI: RELI NA MAGURUDUMU

Sasa tuje kwenye ubao. Tumia plaiwudi, au mbao nyembamba zilizounganishwa, na chini yake upigilie papi ili usipinde.

Mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli, yakatwe katika mbao za sanduku: urefu milimita 40, upana milimita 5. Katika reli ya zamani mataruma mengi yalikuwa ya chuma, na sababu moja ilikuwa mchwa, ambao hula mti upesi katika nchi yetu. Wewe yapake mafuta ya taa au rangi.

Kila taruma lichanjwe kwa msumeno mahali pawili, kina cha milimita 1, na kutoka ukingo wa ndani wa mchanjo mmoja mpaka ukingo wa ndani wa mwingine pawe na milimita 20. Yapange mataruma, umbali wa milimita 15 kutoka moja hata jingine, kisha bandika ndani ya michanjo waya wa chuma wa unene wa milimita 3, ulionyoshwa vizuri. Chonga kipande cha mti chenye upana wa milimita 20 kamili, ukipitishe kati ya nyaya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kikikwama, reli imebana. Kikicheza sana, reli imepanuka. Usiseme “karibu sawa”. Mahali pa “karibu sawa” ndipo behewa litakapoanguka.

Gurudumu la gari la moshi si kama la baiskeli. Lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia lisitoke relini. Chukua vijiti viwili vya mviringo, kimoja cha kipenyo cha milimita 17, kingine cha milimita 20. Kata kipande cha milimita 4 katika kile chembamba, na cha milimita 2 katika kile kinene, uvibandike pamoja. Kipande kikubwa ndicho ukingo. Bandika magurudumu mawili kwenye ekseli moja ya waya, kingo zikiwa upande wa ndani, na kutoka uso wa nje wa ukingo mmoja mpaka uso wa nje wa mwingine pawe milimita 18. Magurudumu yote mawili yakazwe juu ya ekseli yazunguke pamoja.

Sugua uso wa gurudumu kwa msasa ili uteremke kidogo kuelekea nje, mfano wa koni iliyokatwa ncha. Sababu yake ni hii. Katika kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, na magurudumu yote mawili yamekazwa pamoja. Gari linaposogea upande wa nje, gurudumu la nje hukanyaga kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Basi la nje huenda mbali zaidi kwa mzunguko ule ule, na gari hugeuka lenyewe. Umbo hilo hulizungusha gari katika kona, na ukingo ni mlinzi wa mwisho tu.

MWINAMO

Toka Mombasa mpaka Nairobi kwa reli ya zamani ni karibu kilomita 530, na Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya bahari. Ukigawanya, utaona ni kupanda kama mita 3 kwa kila kilomita. Lakini nchi haipandi sawasawa. Mahali pengine hupanda ghafula. Karibu na Mazeras wajenzi wa reli ya zamani waliizungusha reli ikapita juu yake yenyewe, mfano wa nyoka aliyejikunja, ili ipate kimo bila ya kupanda mlima wima.

Kwa nini wakaogopa mlima? Chuma juu ya chuma huteleza kwa wepesi. Kuvuta tani moja juu ya reli tambarare kwahitaji nguvu ya kilo 2 hata 5 hivi. Lakini katika mwinamo wa 1 kwa 50, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 50, tani ile ile yahitaji kilo 20 zaidi. Injini iliyovuta mabehewa mengi tambarare itavuta machache tu mlimani.

Jaribu mwenyewe. Laza kipande cha reli cha mita 1. Funga uzi kwenye behewa, uupitishe juu ya msumari laini, ufunge kikopo mwishoni. Tia mchanga kikopo kidogo kidogo mpaka behewa lianze kwenda, uupime mchanga huo. Kisha inua mwisho wa reli milimita 20, nao ni mwinamo wa 1 kwa 50. Halafu milimita 50, yaani 1 kwa 20. Andika hesabu zako. Magurudumu ya mti hukwaruza kuliko ya chuma, kwa hiyo tofauti yako haitakuwa kubwa kama ya reli ya kweli, lakini utaiona.

JUMAMOSI YA TATU: KUIUMBA NCHI

Vilima huumbwa hivi. Simamisha mifupa ya vilima kwa vipande vya kadibodi, vilivyokatwa kwa kimo ulichopima bondeni. Pitisha juu yake vipande vyembamba vya kadibodi, ukivisuka kama jamvi. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, chovya vipande vya magazeti, uvitandaze juu tabaka nne au tano. Kausha kila tabaka juani kabla ya kuongeza lingine, kwa kuwa gundi ya muhogo isiyokauka huvunda, na harufu yake huwaita mende.

Kisha uchague udongo, na hapa mtu wa Jilore ana bahati. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, hauko juu ya udongo wa namna moja. Mrihi hupenda mchanga mweupe usio na rutuba. Upande wetu wa magharibi ni udongo mwekundu wenye vichaka vilivyosongamana, na humo hukaa yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye ni nadra sana duniani. Kwa hiyo rangi ya ardhi katika mfano wako si pambo. Ukitia mchanga mweupe mahali pa udongo mwekundu, mjuzi atajua kwamba hukwenda kutazama. Kausha udongo, uchekeche kwa kitambaa, upake gundi mahali, unyunyize, ukung'ute uliozidi.

JUMAMOSI YA NNE: MITI, NYUMBA NA MTO

Vichaka hufanywa kwa dodoki lililokatwakatwa na kutiwa rangi ya kijani. Majani ya nchi ni nyuzi za makumbi ya nazi, zilizokatwa fupi. Mnazi hufanywa kwa kijiti chembamba kilichopindwa kidogo, maana mnazi ulionyooka kabisa ni wa nadra, na makuti yake ni karatasi iliyochanwa kando. Mikorosho iwe mifupi na mipana, matawi yakikaribia ardhi. Matawi makavu uyaokote yaliyoanguka. Msitu usikatwe kwa ajili ya mchezo.

Nyumba ziwe zile zilizopo, za makuti na za mabati. Bati hufanywa kwa karatasi ya fedha ya sigara iliyokunjwa mistari. Mto upake rangi ya maziwa yenye chai nyingi, kwa kuwa Sabaki wakati wa mvua ni mwekundu wa matope, wala si wa buluu kama katika picha za ng'ambo.

Na kumbuka mto huo unatoka wapi. Mto Tsavo huungana na Athi, ukawa Galana, na Galana ndiyo Sabaki yetu. Daraja la reli la Tsavo lilijengwa mwaka 1898 hadi 1899, katika siku za wale simba wawili waliowaua wafanya kazi. Maji yanayopita chini ya daraja lile ndiyo hufika Jilore, hulilisha ziwa letu wakati wa mafuriko, kisha huingia baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ikinyesha sana bara, sisi twaweza kuwa na jua, na mto ukaja umejaa.

WAITENI WAZEE

Kabla ya kubandika reli mahali pake pa mwisho, iweke tu bila gundi, uwaite wazee na akina mama wa mahali ulipopachukua mfano. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Waulize maswali mawili.

Swali la kwanza: maji yalifika wapi? Wako waliosikia habari za mvua kubwa za mwaka 1961, na wako wengi walioziona za mwaka 1997 na 1998. Watakuonyesha mti au jiwe. Kila mita watakayotaja ni milimita 20 kwako. Piga mstari wa chaki kuuzunguka mfano kwa kimo hicho, ukaone kama reli yako iko juu au chini yake.

Swali la pili: ni nani aliye hapa? Juu ya ubao ni rahisi kuipitisha reli mahali palipo tambarare, lakini palipo tambarare ndipo penye shamba. Mkorosho haukui kwa msimu mmoja. Aliyeupanda alingoja miaka. Kuna makaburi ambayo mgeni hayaoni. Mahali penye vigango usichonge kigango kidogo kwa mchezo. Weka kijiwe cheupe tu, na reli ipite mbali. Watu wa nchi hii wanajua maana ya kuhamishwa: mwaka 1914 Wagiriama waliamriwa kuondoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki na kuyaacha mashamba yao. Siku hizi Katiba ya mwaka 2010 yasema mtu asinyang'anywe ardhi kwa kazi ya umma pasipo fidia ya haki inayolipwa upesi, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yataka kazi kubwa zichunguzwe kwanza, na wananchi wasikilizwe. Lakini haki hiyo humfaa zaidi aliyejua la kusema. Mtu aliyekwisha kuona njiti zake zikizama uani hatatishwa na ramani mezani. Atauliza: “Kalvati ni ngapi, nazo ziko wapi?”

Ikiwa majibu ya wazee yatakulazimisha kuihamisha reli yako, ihamishe. Gharama ni waya na mataruma machache. Kwa reli ya kweli gharama ya kukosea ni nyumba za watu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Daraja lina nguzo za mita 6. Katika kipimo cha 1 kwa 50 nguzo zitakuwa milimita ngapi?
2. Reli yapanda milimita 40 kwa urefu wa mita 2. Mwinamo wake ni 1 kwa ngapi?
3. Kwa nini ukingo wa gurudumu uko upande wa ndani, na uso wake huteremka kuelekea nje?
4. Katika jaribio lako la uani, ni vikonyo vingapi vilivyotosha kuziokoa njiti zote kumi? Iko wapi kalvati iliyo karibu na nyumbani kwako, nayo yatosha?

Majibu ya mawili ya kwanza ni milimita 120, na 1 kwa 50. La tatu limo katika somo. La nne litafuteni wenyewe, kabla ya mvua za masika.